Tusiwachague Watoto, Tuwachezeshe

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za gazeti la chama chetu nipate kusema neno kabla ya Mkutano Mkuu, maana hoja iliyoletwa na wenzetu wa Kamati ya Michezo yahusu watoto wetu, wala haifai kupitishwa kwa kuinua mikono saa ya chai ikikaribia. Wanachama wameisoma hoja yenyewe. Yasema kwamba fungu la michezo la mwaka huu litumike kuunda timu moja ya mpira ya watoto wa wanachama walio chini ya miaka 10. Wachaguliwe 15 walio hodari, washonewe jezi, watafutiwe mwalimu, wakashindane na timu za watoto wa idara nyingine hata turudi na kikombe.

Nia ya wenzetu ni njema, na mtu yeyote aliyewaona wakihangaika kutengeneza michezo yetu sisi watu wazima hawezi kuwatilia shaka. Lakini njia waliyoishika sioni kuwa ni njia ya kumwingiza mtoto mdogo katika michezo. Naiona kuwa njia ya kuwatoa watoto wengi ili wachache waonekane. Naomba ruhusa nieleze sababu zangu, kisha nitaje kazi nyingine ambayo fungu hilo hilo laweza kuifanya.

Na tuutazame kwanza huo uchaguzi. Nani ataitwa hodari katika watoto wa miaka 7? Tukiwasimamisha kiwanjani watoto wawili waliozaliwa mwaka mmoja, huyu Januari na yule Desemba, huyu wa kwanza amemtangulia mwenziwe kwa miezi 11. Kwetu sisi makarani wenye mvi miezi 11 si kitu, ni likizo moja mpaka nyingine. Kwa mtoto wa miaka 7, ambaye maisha yake yote ni miezi 84, hiyo ni kama sehemu moja katika nane za umri wake. Mifupa yake imerefuka kuliko ya mwenziwe, pumzi yake ni ndefu, na masikio yake yamezoea zaidi amri za mwalimu. Mchaguzi akimtazama husema, huyu ana kipaji. Kumbe ana miezi.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1985 wataalamu wa Kanada, mmoja wao akiwa Roger Barnsley, walizitazama tarehe za kuzaliwa za wachezaji wa mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, wakaona kwamba waliozaliwa miezi ya kwanza ya mwaka walikuwa wengi mno, na waliozaliwa miezi ya mwisho walikuwa wachache. Nyota za mbinguni hazikuhusika. Watoto wa nchi ile walikuwa wakipangwa kwa mwaka wa kuzaliwa na kuchaguliwa wangali wadogo. Wale wakubwa katika rika wakachukuliwa, wakapewa walimu wazuri na siku nyingi za mazoezi, na baada ya miaka kadha wakawa hodari kweli kweli kuliko wenzao walioachwa. Hivyo uchaguzi ulijitengenezea ushahidi wake wenyewe. Baadaye habari hiyo hiyo ilionekana katika kandanda ya nchi nyingi. Basi kamati ikichagua watoto 15 chini ya miaka 10, nachelea kwamba itakuwa imesoma vyeti vya kuzaliwa, na kazi hiyo yaweza kufanywa afisini bila kununua mpira.

Tena nauliza, hao wasiochaguliwa watafanya nini? Niliwahi kuhudhuria mashindano ya watoto katika mji mmoja, na waandaaji wake sitawataja. Ndani ya kamba walikuwamo watoto waliovaa jezi. Nje ya kamba wakasimama wenzao zaidi ya 40, kazi yao kushika viatu vya ndugu zao. Mtoto mmoja wa akiba alikaa benchi tangu asubuhi hata alasiri, viatu vyake vipya haviguswi na vumbi, na kila maji yalipoletwa alikunywa kama aliyetoka kukimbia. Baba mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, aliingia kiwanjani kugombana na mwamuzi, na mwamuzi mwenyewe alikuwa kijana wa shule. Watoto walisimama wakawatazama. Nadhani siku ile walijifunza mambo mengi, lakini kucheza mpira halikuwamo.

Mwanachama mmoja aliniambia afisini kwamba nahangaika bure, kwa kuwa mtoto wa Kiafrika hana haja ya kufundishwa kukimbia: yeye huteka maji, hukwea miembe, huenda shule kwa miguu na kurudi. Maneno hayo yalikuwa kweli kwa baba zetu, na yangali kweli kwa watoto wengi wa vijijini. Lakini natutazame watoto wetu sisi, watoto wa watumishi wakaao mjini. Basi la shule huwachukua kabla ya jua kuchomoza. Hukaa dawatini mpaka alasiri, kisha huketishwa tena kwa masomo ya ziada. Kipindi cha michezo kimo katika ratiba, lakini mtihani ukikaribia mara nyingi hugeuzwa kuwa kipindi cha hesabu. Jioni mtoto hurudi katika nyumba yenye ukuta na geti, na msichana wa kazi ameagizwa asimruhusu kutoka, kwa hofu ya magari na ya watu wasiojulikana. Akalia, hupewa simu. Mtoto huyo maji huyaona yakitoka katika bomba, na mwembe huuona kitabuni.

Wala si sisi peke yetu. Mwaka 2019 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitangaza hesabu ya mwaka 2016 iliyokusanywa katika nchi 146, juu ya watoto wa shule wa miaka 11 mpaka 17. Katika kila 100, watoto 81 hawakufikia kiasi kinachotakiwa cha kushughulisha mwili. Wavulana walikuwa 78 katika 100, na wasichana 85. Kiasi chenyewe si kikubwa: kwa mtoto wa miaka 5 mpaka 17 ni wastani wa dakika 60 kila siku za kukimbia, kuruka na kutoka jasho. Mtoto wa miaka 3 au 4 hutakiwa awe katika mwendo dakika 180 kwa siku, yaani saa tatu kwa jumla, michezo na matembezi yote yakihesabiwa pamoja. Na mbele ya kioo cha televisheni au simu asizidishe saa moja. Kila mwanachama na apige hesabu ya nyumbani kwake, asimwambie mtu jibu.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, michezo ya taratibu. Wengi wetu tukisikia neno hilo huona jezi, filimbi na mistari ya chokaa, tukadhani kwamba kabla ya hayo kulikuwa na fujo tu. Sivyo. Michezo tuliyocheza utotoni ilikuwa na sheria kali kuliko za afisini. Katika rede wawili husimama ncha mbili wakirushiana mpira wa soksi, na aliye kati hukwepa. Akipigwa ametoka, na hakuna rufani. Mchezo huo humfundisha mtoto kulenga, kudaka, kugeuka ghafula na kujitupa chini bila kuumia, na hayo ndiyo mambo ambayo mwalimu wa mpira hulipwa ayafundishe. Katika kombolela, wakisha kukamatwa karibu wote, atakuja mmoja kutoka mafichoni akimbie kwa roho yake yote aupige teke mkebe, na wenziwe wote wawe huru. Sijui mchezo wa kigeni unaomfundisha mtoto mdogo vizuri kuliko huo maana ya kukimbia kwa ajili ya wengine. Mdako hufundisha mkono na jicho. Kuruka kamba hutia nguvu miguuni, na wasichana wetu waliijua kazi hiyo kabla wataalamu hawajaandika kwamba mtoto anahitaji, walau siku tatu kwa juma, mazoezi ya kuimarisha mifupa na misuli.

Basi mtoto wa miaka 5, 6 na 7 na aanzie hapo. Utaratibu anaouhitaji ni siku inayojulikana, saa inayojulikana, mpaka wa kiwanja, mtu mzima anayemtazama, na sheria moja kwa mtoto wa tarishi na mtoto wa mkurugenzi. Kumwambia mtoto wa umri huo kwamba yeye ni beki wa kushoto asiondoke mahali pake ni kupoteza sauti. Mpira ukienda, wote huufuata kama nyuki, na ndivyo ilivyo akili ya umri ule. Akifika miaka 8 au 9 huanza kuona kwamba mwenzake aliye peke yake ni bora kupewa mpira kuliko mwenye watu watano mbele yake. Hapo ndipo somo la kupasiana lina maana, na hapo ndipo mwalimu mwenye subira hupata malipo yake.

Vipimo navyo vitazamwe. Goli la watu wazima lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44 kwenda juu. Mwekeni humo mtoto wa miaka 8 mwone. Kila mpira uliopigwa juu ni bao, naye atarudi nyumbani akijiona hafai, na kosa ni la seremala. Mpira wa watu wazima huwa na uzito wa gramu 410 mpaka 450, na iko mipira midogo na myepesi, namba 3 na namba 4, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto. Waingereza, ambao mchezo huu ulitoka kwao, walipiga kura mwaka 2012 katika chama chao cha mpira kupunguza idadi ya wachezaji kwa watoto wadogo: wadogo kabisa wacheze 5 kwa 5, kisha 7 kwa 7, kisha 9 kwa 9, na timu za watu 11 zingoje mpaka watoto wamekaribia miaka 13. Sababu yake ni ya hesabu tu. Watoto 22 wakiwa na mpira mmoja, wengi wao ni watazamaji walio ndani ya mistari. Wakiwa 10, kila mmoja huugusa mara nyingi.

Kamati yaweza kujibu kwamba bila kikombe mtoto hana hamu, na kwamba taifa halipati mabingwa kwa kubembeleza watoto. Hoja hii ina nguvu, nami naiheshimu, kwa maana nani kati yetu hakufurahi Alphonce Simbu aliposhinda mbio ndefu za dunia kule Tokyo mwaka 2025, au hajasimuliwa habari za Filbert Bayi na mita 1500 zake kule Christchurch mwaka 1974? Lakini na tuitazame Norwe, nchi ya watu milioni tano na nusu. Tangu mwaka 1987 shirikisho la michezo la nchi hiyo lina masharti juu ya michezo ya watoto. Mtoto hashindani katika ubingwa wa taifa kabla ya mwaka ule atimizao miaka 13. Kwa walio wadogo zaidi hakuna orodha ya matokeo wala mpangilio wa nani wa kwanza na nani wa mwisho, na zawadi zikitolewa hupewa wote. Mtoto huhimizwa ajaribu michezo mingi, na ana haki ya kusema autakao. Mtu angedhani kwamba taifa linalolea watoto hivyo litashindwa na kila mtu. Katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Beijing mwaka 2022 walitwaa medali 16 za dhahabu, wakawa wa kwanza duniani. Sisemi kwamba masharti hayo ndiyo sababu pekee, kwa kuwa wana theluji na wana fedha. Nasema kwamba hayakuwazuia.

Madaktari nao wana neno. Mifupa ya mtoto hurefuka katika sehemu laini zilizo karibu na viungo, na sehemu hizo huumia upesi zikirudiwa kwa kazi ile ile kila siku. Wazazi wengi wamemwona mtoto anayekua akilalamika maumivu chini ya goti au kisiginoni, wakamwambia ni mvivu. Madaktari wa watoto wa Marekani walishauri mwaka 2016 kwamba kujifunga katika mchezo mmoja tu kungoje mpaka kama miaka 15 au 16, na kwamba kila juma kijana apumzike mchezo wake siku moja au mbili. Hoja ya kamati yataka mazoezi ya mpira siku 5 kwa juma kwa watoto wa miaka 9. Hata matarishi wetu hawatembezwi hivyo.

Liko jambo jingine ambalo hoja imelipita kimya. Imeandikwa "watoto", lakini wakisha kuchaguliwa hao 15 hodari wa mpira, mabinti zetu watakuwa wapi? Watakuwa nje ya kamba. Hesabu niliyoitaja juu, ya wasichana 85 katika 100, haikuanza wakiwa na miaka 11. Ilianza siku walipoambiwa wakae watazame, au wasichafue nguo. Katika miaka hii ya kwanza nguvu za wavulana na wasichana zakaribiana sana, wala hakuna sababu ya mwili ya kuwatenga. Wacheze pamoja.

Na wale wazazi wasemao kwamba Jumamosi ni siku ya masomo ya ziada, sigombani nao. Kalamu ndiyo iliyotulisha, na hakuna karani atakayedharau kitabu. Lakini mtoto aliyesoma siku tano tangu alfajiri, ukimnyima saa moja na nusu ya siku ya sita, sidhani kwamba hiyo saa moja na nusu itaongeza alama. Kwa kadiri nionavyo kwa watoto wanipitiao nyumbani, aliyetoka jasho asubuhi hukaa kitini bila kuzungukazunguka mchana.

Basi nashauri hivi. Fungu hilo lisishone jezi. Linunue mipira myepesi 12, kamba za kuruka, magunia ya mbio, koni za kuwekea mipaka, pipa la maji lenye bomba na sanduku la dawa za huduma ya kwanza. Kila Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi hata saa tatu, kabla ya jua kuwa kali, watoto wote wa wanachama, na wa majirani wakitaka kuja, wakutane katika kiwanja kilicho nyuma ya nyumba za watumishi. Wadogo wa miaka 5 mpaka 7 wacheze rede, kombolela, mbio na kuruka. Wa miaka 8 mpaka 11 wacheze mpira mdogo 5 kwa 5, netiboli na mbio za vijiti, wakibadilishana kila baada ya majuma machache. Timu zigawanywe upya kila siku, na asiwepo wa akiba. Waliotimiza miaka 12 na kupenda mashindano, hao na waende shuleni kwao, ambako michezo ya UMITASHUMTA ina ngazi zake tangu shule mpaka taifa.

Nimetaja kiwanja hicho kwa makusudi. Wanachama wengi wamekwisha kusikia kwamba yako maombi ya kukifanya mahali pa kuegesha magari. Timu ya watoto 15 inayofanya mazoezi katika uwanja wa kukodi haitatusaidia kukitetea, na mtu akija na ramani yake akakuta majani yamekua atasema pako wazi. Lakini akikuta kila Jumamosi watoto 80 na wazazi wao, itambidi aulize. Katibu aandike barua sasa, kabla mkutano haujakaa, akiomba kwa jina la chama kiwanja hicho kiandikwe kuwa cha michezo ya watoto, na nakala apelekewe afisa wa ardhi.

Wasimamizi wasiwe chini ya wawili kwa kila kundi la watoto 20, na mmoja wao awe mwanamke. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mahali pa faragha, hata kama ni Mwenyekiti. Baba au mama atakayepiga kelele za kutukana pembeni ya kiwanja aombwe kwa adabu akanywe chai. Mwenzetu mmoja wa hospitali ya wilaya amekubali kutufundisha namna ya kufunga jeraha na kumtambua mtoto aliyezidiwa na joto, na hataki malipo.

Imebaki zamu. Mimi nimejiandika Jumamosi mbili za kwanza, na mke wangu amejiandika kwa kundi la wadogo. Kitabu cha zamu kiko mezani kwa Katibu, ukurasa wa tatu, na nafasi zilizobaki mpaka mwisho wa robo hii ni 18. Mipira na itunzwe katika stoo ya chama, ufunguo akae nao mtu anayekaa karibu na kiwanja, kwa kuwa mwaka uliopita tulipokea nyavu mpya na hata leo ufunguo wa chumba zilimofungiwa unatafutwa.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Karani wa Masjala